Raundi robini: napata 4, majibu yanasema 8.67

Binti wa Mikindani
Shikamooni wakuu. Swali la mfumo endeshi, mwaka wa kwanza: raundi robini, yaani michakato (programu zinazoendeshwa) kupokezana prosesa kwa zamu. Michakato mitatu imefika pamoja muda 0: P1 unahitaji milisekunde 10, P2 4, P3 6. Kwanta (muda wa juu wa zamu moja) ni 4. Wastani wa muda wa kusubiri napata 4, karatasi ya majibu ina 8.67. Nakosea wapi? Jaribio ni Ijumaa.

Gunia la Newala
Marahaba. Hesabu yako ni sahihi, ila umejibu swali jingine. 4 yako ni wastani wa 0, 4 na 8, yaani muda wa kila mchakato kabla ya kuipata prosesa mara ya kwanza. Huo ni muda wa mwitikio. Muda wa kusubiri unajumlisha kila kipande cha kukaa foleni, pamoja na kile cha baada ya kunyang'anywa prosesa.

Chora chati: P1 0–4, P2 4–8, P3 8–12, P1 12–16, P3 16–18, P1 18–20. Hapo kwenye 16 ndipo wengi wanapoanguka: P3 umebakiza 2 tu, ukimaliza unaondoka, kwanta haisubiriwi iishe. Ukiupa 4, chati yote inakwenda kombo.

Kisha kwa kila mmoja: muda wa kumaliza, toa muda wa kufika, toa muda wa kazi. P1 20−10=10, P2 8−4=4, P3 18−6=12. Jumla 26, gawa kwa 3.

Fikiria msimu wa korosho, mzani mmoja ghalani, kila mtu anapima magunia 4 kisha anarudi nyuma ya foleni. Mwenye magunia 10 anapanga foleni mara tatu. Zote zinahesabika.

Binti wa Mikindani
Nimeelewa, asante. Lakini kwa utaratibu wa anayetangulia kuhudumiwa kwanza napata 8. Sasa raundi robini ina faida gani?

Fundi Mchinga
Kwa kipimo hicho, hapa imeshindwa kweli. Hata kuanza na kazi fupi kunaishinda mbali: 0, 4, 10, wastani 4.67. Raundi robini inashinda kwenye mwitikio: wastani 4 dhidi ya 8 wa anayetangulia kuhudumiwa kwanza. Mtu anayebonyeza kibodi anataka kuona herufi sasa hivi.

Bei yake ni kubadilishana zamu. Chati hiyo ina mabadilishano 5. Kila moja likila milisekunde 1, kazi ya 20 inaisha kwenye 25. Kwa hiyo usiifanye kwanta ndogo mno. Ukiiweka 10 hapa, umerudi kwenye foleni ya kawaida.

Gunia la Newala
Nyongeza ya mtihani: mchakato mpya ukifika wakati uleule P1 unapokatwa, nani anatangulia foleni? Vitabu vingi humweka mgeni mbele, lakini si vyote. Andika dhana yako juu ya chati kabla ya kuanza kuchora.