Makanisa makongwe ya Hispania: lipi lilikuwa msikiti, na mtu atajuaje kwa macho?

MtembezajiShangani

Assalaam aleikum. Kundi la watu sita kutoka Unguja linakwenda Hispania siku nane, kuingilia Madrid na kutokea Barcelona. Wanataka makanisa ya kale, hasa yaliyowahi kuwa misikiti. Tatizo maelezo yanagongana: mmoja atakwambia kanisa kuu la Sevilla ni msikiti uliogeuzwa, mwengine atakwambia msikiti ulivunjwa. Mtu akishasimama ndani atazame nini ajue lipi ni lipi? Na Sagrada Família, lile kanisa maarufu la Barcelona, iingie kwenye ratiba au tuiache?

FundiChokaa

Waaleikum salaam. Kugeuzwa na kujengewa juu ni mambo mawili. Córdoba uligeuzwa, jengo la msikiti lipo mpaka leo. Sevilla na Toledo misikiti ilitumika kwanza kama makanisa, baadaye ikavunjwa na kanisa jipya likapandishwa hapo hapo.

Córdoba wape siku nzima. Ujenzi ulianza 785 kwa amri ya amiri Abd al-Rahman wa Kwanza, ukapanuliwa mara kadhaa, na mwaka 1236 mfalme Fernando wa Tatu alipouchukua mji ukafanywa kanisa. Zimebaki nguzo 856. Waanzie sehemu ya zamani kabisa na watazame nguzo kwa utulivu. Hazilingani rangi, na vichwa vyake havifanani, kwa sababu nyingi ziling'olewa kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, waliotawala Hispania kabla ya Waislamu. Nguzo za kuokoteza zina tabu moja: ni fupi. Ukizibandika dari juu yake, ukumbi mpana vile utakuwa na kiza na hewa nzito. Fundi akaweka tao juu ya tao. La chini, lenye umbo la kwato ya farasi, halibebi dari. Kazi yake ni kuzishikanisha nguzo zisiyumbe. La juu, la nusu duara, ndilo linalobeba. Katikati yao pako wazi, mwanga na hewa vinapita. Sisi huku boriti ya mkoko ndiyo iliyotupangia upana wa chumba. Wao urefu wa nguzo ndio uliowalazimisha kufikiri.

Zile mistari nyekundu na nyeupe kwenye matao si rangi, ni matofali na jiwe kwa zamu. Ila wakifika upande wa mashariki, nyongeza ya waziri al-Mansur ya miaka ya 980, wasogee karibu: hapo matao ni mawe matupu yaliyopakwa nyekundu kuiga matofali. Ni sehemu kubwa kuliko zote na, kwa jicho langu, dhaifu kuliko zote.

Kanisa lenyewe liko katikati, limechomekwa. Lilianzwa 1523 kwa amri ya Askofu Alonso Manrique. Baraza la mji lilipinga vikali, mfalme Charles wa Tano akaruhusu, na kazi ikamalizika 1607. Kulijua ni rahisi: safu za msikiti zinakwenda kuelekea mihrabu (kishubaka cha ukuta wa kibla), kanisa limezikata kwa ubavu.

MaalimuKibla

Hapo kwenye mihrabu niongeze. Mtu wa kwetu amezoea kibla kaskazini. Huko Hispania Makka iko mashariki, ikielemea kusini kidogo, lakini mihrabu wa Córdoba umeelekea karibu na kusini. Wasidhani wamepotea wao. Wapo wanaosema ulifuatwa mwelekeo wa misikiti ya Sham (Syria), wapo wanaosema ulifuata mitaa ya Kirumi iliyokuwapo.

Mihrabu unaoonekana leo ni wa zama za khalifa al-Hakam wa Pili, miaka ya 960. Vipande vya kioo na dhahabu vilitoka Konstantinopoli pamoja na fundi wa kuvipanga. Mwenye kuyajua maandishi ya Kikufi (hati ya kale ya Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 500 Hijria (1107), atayatambua maandishi ya jamii hiyo hiyo pale.

Toledo wengi wanakwenda kanisa kuu tu, lililoanza kujengwa 1226 na kwisha 1493. Jengo la msikiti hutaliona humo. Waende pia waone Cristo de la Luz, msikiti mdogo wa 999 uliofanywa kanisa bila kuvunjwa. Chumba chake hakizidi kumi kwa kumi za mita, nguzo nne, na kuba ndogo tisa, kila moja imefumwa kwa namna yake. Tarehe imeandikwa kwa matofali ukutani, kwa Kikufi.

NgaziZaMnara

Sevilla kulibaki vitu vitatu: ua wa michungwa, mlango wake wenye mabamba ya shaba na maandishi ya Kiarabu, na mnara wa Giralda. Mnara ulijengwa 1184 hadi 1198. Ndani hauna ngazi, una miteremko 35, muadhini apande akiwa juu ya mnyama. Ngazi ni 17 tu mwishoni. Basi hata mtu mzima mwenye magoti mabovu anapanda, mradi apumzike. Sehemu ya kengele juu iliongezwa 1558 hadi 1568 na Hernán Ruiz wa Pili, ambaye baba yake ndiye fundi aliyelianza lile kanisa la Córdoba.

Kanisa lenyewe, la kuanzia 1401 hadi 1506, ni pana kupita kiasi kwa sababu limefuata kiwanja cha msikiti. Upana huo na urefu wake vilidai nguzo zenye nguvu kuliko walizozijenga: 1511 nguzo moja ilishindwa, kuba la katikati likaporomoka. Likajengwa tena, likaanguka tena 1888. Wakisimama chini yake watazame nguzo nne za pembeni, mzigo wote umeshukia hapo.

MtembezajiShangani

Ahsanteni sana. Je, kusali ndani ya Córdoba? Na kanisa kuu la Santiago de Compostela, wanayo hamu na lile chetezo kubwa linalobembezwa kwa kamba.

FundiChokaa

Hawaruhusiwi. Walinzi wanamzuia mtu mara tu anapoanza kurukuu, kwa hivyo wasali kabla. Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi kwa kuhesabu kwetu (8:30 hadi 9:30 kwenye saa ya huko), kuingia huwa bure kwa asiyekuwa na kundi la mtembezaji. Wahakikishe wiki ya safari, maana ibada hubadilisha ratiba.

Santiago iko kaskazini-magharibi kabisa, itawala siku mbili. Chetezo lina kilo 53 likiwa tupu, linavutwa na watu wanane, na halirushwi kila siku, ni sikukuu maalumu au kwa anayelipia. Kwenda bila kuuliza ni kwenda kuliona limening'inia tu, au kamba peke yake.

NgaziZaMnara

Njia yao: Madrid, Toledo nusu saa kwa treni na kurudi, halafu Córdoba chini ya saa mbili, Sevilla dakika 45, kisha Barcelona. Sagrada Família iingie, lakini wajue si kongwe wala si kanisa kuu la askofu. Ilianza 1882, na tiketi zake zinauzwa mtandaoni tu, kwa saa maalumu. Kanisa kuu la Barcelona ni Santa Eulàlia, mwendo wa miguu kutoka mtaa wa La Rambla.