Mashine ya nje ya kiyoyozi katika uchochoro wa sentimita 70: nafasi inatosha?

Mama wa Rau, Moshi
Habari zenu, ndugu. Joto la Januari hadi Machi limenifanya niamue kufunga kiyoyozi katika chumba cha wazee. Fundi anataka kuiweka mashine ya nje katika uchochoro ulio kati ya nyumba na ukuta wa uzio, ambao nimeupima kwa tepu nikapata sentimita 70, na feni iutazame uzio. Anasema pana kivuli na wezi hawataiona. Mashine ina unene wa sentimita 30. Je, nikubali?

Fundi Baridi
Shikamoo, mama. Mwambie asitoboe ukuta kwanza. Mashine hiyo huvuta hewa kwa nyuma na ubavuni, huipitisha kwenye mapezi (vibati vyembamba vinavyotoa joto), kisha feni husukuma joto mbele. Akiacha sentimita 15 nyuma, mbele zitabaki 25 tu, na hewa ya moto itagonga uzio, irudi na kuvutwa upya. Hapo presha ya gesi ya kupoozea iliyomo katika kiyoyozi hupanda, umeme huliwa zaidi, na kompresa, yaani pampu inayoikandamiza gesi hiyo, hujizima saa nane mchana, wakati ule ule unapoihitaji. Vipimo vya kufuata ni vile vilivyomo katika kitabu cha mashine yenyewe. Mimi, kwa mashine ndogo za nyumbani, huacha sentimita 30 nyuma, 60 upande wa vali zinakofungwa mabomba ili spana na mkono viingie, na mbele walau mita moja iliyo wazi kabisa.

Mpangaji wa Njiro
Nyumba niliyopanga hapa Arusha ilikuwa na mashine iliyofungiwa katika kizimba cha nondo zilizobanana hata kidole hakipiti. Nilipoweka kiganja nyuma yake mchana, hewa iliyokuwa ikivutwa ilikaribia kuwa na joto sawa na ile iliyotoka mbele. Tulikata nondo moja kati ya kila mbili, na tangu hapo haijajizima. Mama, mtungi wa gesi ya jikoni unakaa wapi? Gesi hiyo ikivuja ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, hasa uchochoroni, na cheche ya umeme ya mashine yaweza kuiwasha.

Mama wa Rau, Moshi
Marahaba, mwanangu fundi. Mtungi uko humo humo uchochoroni! Ipo kona inayotazama ua wa nyuma, ambayo itaongeza mita nne za bomba, ila pana mgomba.

Fundi Baridi
Kona hiyo ndiyo yenyewe, mradi iwe mbali na mtungi. Mgomba uondoke, na mashine ikae juu ya zege la kimo cha sentimita 10 ili maji ya masika yasiifikie. Bomba la shaba litakugharimu, na huenda gesi ya kiyoyozi ikaongezwa kwa kadiri kitabu kinavyoelekeza. Kabla ya kumlipa, iwashe mchana wa jua kali kwa nusu saa, kisha uweke kiganja nyuma yake: hewa inayoingia iwe sawa na ile ya uani.