Tupeane uzoefu: mhusika wa gemu uliyeishi naye mpaka akakuuma

Jirani wa Umoja

Wadau, salamu. Leo sitaki tubishane gemu ipi ni kali kuliko nyingine. Nataka kila mmoja atuletee mhusika mmoja tu kutoka hizi gemu za mapanga, majoka na uchawi, uliyetembea naye mpaka ukasahau kwamba ni picha kwenye kioo. Tuambie yeye alifanya nini, nawe ulifanya nini. Naanza mimi.

Nilikuwa darasa la saba. Kwenye ploti yetu Umoja kulikuwa na chumba cha gemu: televisheni mbili, PlayStation mbili zile za kijivu, na benchi la mbao. Mechi moja ya mpira, shilingi kumi. Mvua ikinyesha siku za wiki wateja walipotea, na mwenye chumba alikuwa ananiachia nicheze bure nikimfagilia. Alikuwa na Final Fantasy VII, ile ya mwaka wa 1997, diski tatu kwenye kasha lililopasuka. Hakuna aliyeitaka. "Hiyo ni ya kusoma," vijana walisema. Mimi niliisoma na kamusi ya shule magotini.

Aerith unakutana naye mwanzoni kabisa, anauza maua barabarani. Ua moja, gil moja, ndiyo pesa ya humo. Nilinunua. Baadaye kuna usiku katika uwanja wa starehe, Gold Saucer, ambapo mmoja wa wenzako anakuja kukugongea mtoke pamoja. Nani atakuja? Inategemea majibu uliyokuwa ukiwapa tangu siku ya kwanza. Gemu ilikuwa ikihesabu kimyakimya. Kwangu alikuja Aerith. Wakiwa kwenye kile kibanda kinachoning'inia, fataki zikilipuka nje, anamwambia Cloud, yule unayemchezesha wewe, kwamba anamtafuta yeye. Cloud anashangaa, si niko hapa? Nami nilishangaa vilevile. Ilinichukua diski nzima nyingine kuelewa msichana yule alikuwa ameona nini.

Mwisho wa diski ya kwanza amepiga magoti anaomba. Sephiroth, adui mkuu, anashuka kutoka juu na ule upanga wake mrefu. Kito cheupe kinadondoka kutoka kwenye nywele za Aerith, kinaruka ngazi moja baada ya nyingine, kinaingia majini. Halafu unatupwa vitani papo hapo, lakini muziki wa vita hauji. Ule wimbo wake wa taratibu unaendelea kulia huku wewe unapigana.

Nilikuwa na Phoenix Down zaidi ya kumi mfukoni, ile dawa iliyowainua wenzangu wote kila walipoanguka. Nilifungua orodha, nikamtafuta Aerith nimpe. Jina lake halikuwapo.

Mtaani ulienea uvumi kwamba kuna njia ya kumrudisha. Nikaenda saiba Buruburu, shilingi moja kwa dakika, nikalipia dakika ishirini na kunakili kila maelezo niliyoyaona kwenye daftari la hesabu. Niliyajaribu yote kwa wiki mbili. Siku moja mwenye chumba akaniwekea mkono begani, akasema, "Kijana, huyo ameenda." Alikuwa amemzika mkewe mwaka uliotangulia. Nilizima, nikafagia, nikaenda nyumbani.

Karibuni.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Jirani, umenigusa pahali. Wangu mimi ni Ciri wa The Witcher 3. Ilitoka 2015 lakini niliicheza miaka mitatu iliyopita kwenye mashine ya mdogo wangu, nikitoka zamu asubuhi na usingizi umegoma.

Kwa ambao hawajaicheza: wewe ni Geralt, mwindaji wa mazimwi, na Ciri ni binti uliyemlea ingawa hukumzaa. Sehemu kubwa ya gemu unamtafuta. Ukishampata, zinapita nyakati chache ambazo hata hazionekani kama mtihani. Vesemir, mzee wao, amekufa, na Ciri amevunjika moyo. Unaweza kumwambia si lazima awe hodari kwa kila kitu, mkakaa mkanywa. Au unaweza kumtoa nje mkarushiana theluji kama watoto. Mimi nilikaa naye tukanywa. Baadaye baraza la wachawi wa kike linamwita. Nikaingia pamoja naye, ningemwachaje peke yake na wale wanawake? Tena kwenye maabara ya Avallac'h, mwalimu wake, anakasirika anataka kuvunja kila kitu. Nikamwambia atulie.

Kila mara nilijiona nalea vizuri. Mwisho wake Ciri aliingia kwenye ile baridi inayokula dunia, hakurudi. Geralt alikwenda kinamasini peke yake kumwinda mchawi wa mwisho, akaipata ile medali ya Vesemir ambayo Ciri alinyang'anywa, akaketi kibandani huku mazimwi yanakusanyika nje. Nami nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, sare ya kazi bado mwilini, saa nne asubuhi.

Baadaye nilijua: theluji, kumwacha aingie kwenye kikao peke yake, kuvunja vile vyombo pamoja naye, hayo ndiyo yaliyokuwa yanahesabiwa. Gemu ilikuwa inapima kama namwamini. Mimi nilikuwa namlinda.

Nina binti kidato cha pili. Muhula uliopita alirudi nyumbani likizo fupi, akabamiza mlango wa chumba hadi picha ikaanguka ukutani. Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Neno "tulia" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililimeza. Nikasonga ugali, nikampakulia, nikaweka sahani yake mlangoni, nikarudi zangu. Alitoka saa tatu usiku akanieleza mwenyewe.

Sisemi gemu ndiyo iliyonifunza kulea. Lakini ni Ciri niliyemkumbuka pale jikoni, na nisingeandika hapa kama isingekuwa hivyo.

Boda wa Roysambu

Skyrim. Lydia. Unapewa kama mlinzi wako ukishaheshimiwa pale Whiterun, na mimi nilimfanya punda: mifupa ya joka, ngao, sufuria, kila takataka nilimbebesha yeye. Hakuwahi kukataa. Siku moja pangoni nilirusha moto nikilenga adui na yeye alikuwa amepiga magoti kwa majeraha mbele yangu. Alikufa, na nilikuwa nimeshasevu juu ya sevu ya zamani, hakuna kurudi nyuma.

Kwenye ile gemu huwezi kuzika mtu. Nilienda hadi bondeni nikachuma yale maua ya buluu ya mlimani, nikarudi, nikayaangusha moja moja kando yake. Mpaka leo nikicheza na mwenzangu simbebeshi mzigo.

Mwalimu wa Fasihi

Nimewasoma wote kwa makini. Natofautiana kidogo na Jirani kuhusu zile hesabu za kimyakimya, kwa sababu kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa zikinikera.

Chukueni Dragon Age: Origins ya 2009. Kila mwenzako ana kipimo cha namna anavyokupenda, kutoka hasi 100 hadi 100. Unampa zawadi, kinapanda. Ukimwudhi, unampa nyingine. Nilihisi niko sokoni nanunua mapenzi kwa fungu. Darasani nawaeleza wanafunzi tofauti ya mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayebadilika. Nikawa nasema hawa ni bapa wenye mizani shingoni.

Alistair, mmoja wa wenzako hao, ndiye aliyenibadilisha, tena kwa hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa hirizi. Ukipekua kasri la Redcliffe unaikuta hirizi ya mama yake. Ukimpa, anakusimulia kwamba akiwa mtoto aliitupa ukutani kwa hasira ikavunjika, na sasa anaona kwamba mzee aliyemlea aliokota vipande, akaviunganisha, akaitunza miaka yote bila kumwambia. Hiyo haikuwa bei ya urafiki. Ilikuwa hadithi iliyokuwa inangoja mtu wa kuifikisha.

Ya pili ilikuja mwishoni. Loghain ndiye jenerali aliyewaacha mfalme na Duncan wauawe vitani Ostagar, na Duncan alikuwa kama baba kwa Alistair. Unamshinda Loghain mbele ya mkutano wa mabwana, na unaweza kumhurumia, umchukue ajiunge nanyi. Nilimhurumia. Niliona ndiyo busara: tunahitaji kila upanga, taifa kwanza. Kipimo cha Alistair kwangu kilikuwa kimejaa pomoni. Aliondoka. Zawadi zote zile, usiku wote ule wa kuongea kambini, na bado kulikuwa na kitu ambacho hakiuzwi.

Nilikasirika, kisha nikakaa na hasira ile siku kadhaa. Kwa maoni yangu hapo ndipo mwandishi wa gemu hujulikana. Mwenza ambaye hawezi kukuacha hata umfanyie nini ni mkoba tu wenye jina.

Jirani wa Umoja

Mwalimu, hapo kwa Alistair sina pingamizi. Lakini usisahau kwamba Aerith pia hakuniomba ruhusa. Aliondoka peke yake usiku, sisi tukamfuata.

Wawili wa Kasarani

Sisi ni mke na mume, tunacheza kwa zamu, pedi moja. Kwenye gemu nyingi ndoa ni tuzo ya mwisho: umeua joka, sasa oa. Ndiyo maana tuliipenda Aurion, iliyotengenezwa Kamerun na Kiro'o Games ikatoka 2016. Siku ya harusi na kutawazwa ndiyo mwanzo. Enzo anamwoa Erine, shemeji yake anapindua ufalme, na wawili hao wanafukuzwa nchini kwao. Safari yote wanaifanya wakiwa wameshaoana tayari. Wanagombana kuhusu uongozi, wanashauriana, wanarudi njiani. Sisi tulikuwa na miezi minane ya ndoa na kazi moja iliyokuwa imeisha ghafla. Kumwona mtu na mkewe wakianza kutoka sifuri, katika nchi zinazofanana na zetu, kulitukalisha kimya.

Fundi Chuma, Gikomba

Mimi sichezi peke yangu. Jumamosi tunakutana watatu, mimi na binamu zangu, kwenye kompyuta ya yule mkubwa. Tulikuwa na Baldur's Gate 3, na nataka kuongea kuhusu Karlach kwa sababu mimi ni mchomeleaji.

Karlach aliuzwa na mtu aliyemwamini, Gortash, akapelekwa kuzimu. Huko wakamtoa moyo wakamtia injini. Ametoroka, ni mcheshi kuliko wote kambini, lakini mwili wake unawaka hivi kwamba akikugusa unaungua. Miaka kumi hajakumbatiwa na mtu. Mnamtafutia chuma cha kuzimu, mnampelekea mhunzi anaitwa Dammon. Mara ya kwanza anaipoza injini kidogo. Mara ya pili anaiwezesha kushikika, na Karlach anaweza kugusa watu tena. Hapo sisi wote watatu tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu Dammon anamwambia kweli: injini hii haitadumu huku juu. Arudi kuzimu, au itamuua.

Nimeshakaa mbele ya mteja na kitu chake mkononi, nikajua hakitengenezeki, nikakosa namna ya kumwambia. Wengi kwenye kazi yetu humwambia mtu "njoo kesho", na kesho tena, na kesho tena. Yule mhunzi hakufanya hivyo. Alisema siwezi, akasimama pale pale.

Mkishamuua Gortash, Karlach analipuka kwa uchungu, anasema hataki kufa. Amelipiza kisasi na hakuna kilichobadilika kifuani mwake. Binamu yangu mdogo aliinuka akatoka nje. Mwishoni tulibishana saa nzima: aungue pale gatini akiwa huru, au arudi kuzimu tuende naye? Mkubwa alisema mtu ana haki ya kuchagua atakufa wapi. Mimi nilisema nikiwa hai nitatafuta chuma kingine. Tulienda naye kuzimu. Mkubwa bado anasema tulimlazimisha.

Binti wa Pwani, sasa Pangani

Yangu wenye sheria watasema si RPG, yaani si gemu ya kuishi kama mhusika kama hizi zenu, nivumilieni. Tales of Kenzera: Zau, 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na aliitoa katika msiba wa baba yake mwenyewe.

Zau ni mganga kijana. Anamwita Kalunga, mungu wa kifo, anaweka naye mapatano: nitakuletea roho tatu kubwa, nirudishie Baba. Na Kalunga hamkimbii wala hamtishi. Anatembea naye kama mzee wa mtaa. Kila mnapofika kwenye mbuyu unaweza kuketi chini yake, na wanaongea.

Niliweka sauti za Kiswahili. Sikujua nitafanywa nini na jambo hilo. Nimecheza gemu tangu nina miaka tisa, na katika zote watu walilia kwa lugha ya watu wengine. Huyu kijana aliposema "Baba", lilikuwa neno lile lile nililolisema mimi kwenye simu siku nilipopigiwa kutoka Kwale.

Nilikuwa naketi chini ya kila mbuyu, hata pale nisipohitaji. Gemu yenyewe haikuwa ndefu. Mimi niliifanya iwe ndefu.

Boda wa Roysambu

Pole sana dada.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole mpenzi. Fundi, mimi niko upande wa mkubwa wenu, lakini nimeelewa mlivyofanya. Jirani, nina swali: uliwahi kuicheza tena ile ya Aerith?

Jirani wa Umoja

Mara mbili. Siku hizi iko hata kwenye simu, nimeicheza kwenye matatu nikienda kazini. Najua anapoishia, najua kwamba uzoefu wote wa vita ninaompa yeye utapotea, na kwamba ingefaa niwape Tifa na wengine watakaobaki. Bado namnunulia fimbo bora kuliko zote dukani. Na lile ua la mwanzoni nalinunua.