Mto Tana umefungwa huko juu, chumvi tunainywa sisi wa Ozi na Kipini

Wanajamvi, nimechoka kusoma humu kwamba watu wa Tana Delta "kazi yao kulalamika, mto si una maji?" Nani kawaambia haja yetu ni maji tu? Tunataka yaje kwa msimu wake, na yaje na tope lake.

Kwa msiojua: huku Ozi, karibu na mto unapoingia baharini, mpunga haukunyweshwa kwa pampu. Bahari ikijaa, hasa siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu), iliurudisha mto nyuma, maji matamu yakapanda na kuingia mashambani yenyewe. Wazee walipanga kazi kwa kutazama mwezi. Lakini ujanja huo unataka mto wenye nguvu za kusimama mbele ya bahari. Ukidhoofika, kinachopanda ni bahari yenyewe. Ndiyo haya sasa: mashamba yameshika chumvi, miembe inakaukia pale pale iliposimama, na maji ya kunywa yanafuatwa mbali kwa mtumbwi.

Ukame upo, sikatai. Lakini ukame haukujenga Kindaruma mwaka 1968, wala Masinga 1981, wala Kiambere 1988. Mabwawa matano kwa jumla, mto mmoja! Kazi yake ni kumeza mafuriko ya masika na ya vuli, kisha kuyatoa polepole ili mitambo izunguke mwaka mzima. Nyinyi mnapata stima. Sisi mafuriko yale ndiyo yaliyoosha chumvi ardhini, yakajaza maziwa ya pembeni, yakaotesha majani ya ng'ombe wa Waorma kwingine kukiwa kumekauka. Hata msitu wa kandokando, wenye kima wasiopatikana popote pengine duniani, unategemea mafuriko hayo.

Na tope je? Lililokuwa likirutubisha mashamba ya Wapokomo na kuilisha mikoko sasa limelala Masinga, linalipunguzia bwawa nafasi. Hata mwenye bwawa hafaidiki! Kamba wa Ghuba ya Ungwana nao wanakulia humo kwenye mikoko, maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari. Waulizeni wavuvi.

Juu ya hayo kila mtu anachota. Nairobi inakunywa maji ya bwawa la Ndakaini, Mwea huko juu inalima mpunga, vyote ni maji ya Tana. Mvua ikizidi, kama mwaka 2024, mabwawa yanajaa, hayana pa kuweka zaidi, na mzigo wote unateremka Garissa na Garsen. Watu wanaambiwa wahame.

Sasa mnashangilia High Grand Falls, bwawa linalopangwa kujengwa kwenye mto huu huu, kubwa kuliko Masinga. Nani atalazimishwa kufungulia mafuriko kwa ajili ya delta, mwezi gani, kiasi gani? Mwenye karatasi iliyoandika hayo aiweke hapa tuisome. Na wale wa "maendeleo lazima yaumize mtu", mbona anayeumia huwa haishi Nairobi?