Nimepewa kumwongelea baba msibani, nianzie wapi?

Wakuu, mzee wetu katutoka huku Marekani. Alikuwa jeshi la majini, baadaye meneja kiwandani, na wikendi yuko mtoni anavua au porini na hema lake. Niseme nini?

— Pole sana ndugu. Usisome vyeo kama CV, waambie alivyokuwa anafunga ndoana taratibu halafu mshipi wa kwanza anampa mtoto, huyo ndo mzee wenyewe. Waulize na aliowasimamia kazini.

— Poleni. Heshima za kijeshi ni bure, wanakuja wanajeshi wasiopungua 2, mmoja wa jeshi lake, wanakunja bendera wanawakabidhi na tarumbeta inapigwa, tafuteni fomu yake ya DD-214 (karatasi ya kuonyesha alitumikia jeshi na alivyotoka) mapema mumpe msimamizi wa mazishi.

— Asanteni jamani, fomu tunaitafuta leo.