Kijana wangu haniongeleshi tena, naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu, naomba ushauri na tafadhali msinicheke. Niko Lamu, huku Langoni, nina kijana wa miaka 14 yuko gredi 8, babake anafanya kazi Mombasa huja mara moja moja tu. Zamani mdomo wake haukuwa na breki, akitoka skuli ananiganda jikoni mpaka nimfukuze. Tangu Ramadhani iliyopita ukimuuliza kitu ni "mh" basi, anakula anaingia chumbani na simu.

Wiki jana nafua suruali yake nikakuta mia nane mfukoni, zimekunjwakunjwa zanuka samaki, damu ikanipanda nikamchapa hata sijamuuliza. Kumbe, jirani ndo akaniambia, siku hana madrasa anashuka jeti, pale mashua zinapofungwa, kumsaidia mzee mmoja wa mashua. Nikaenda kuchungulia mwenyewe, nikajificha nyuma ya punda wa kubeba mchanga (mtu mzima mimi!) nikamuona anacheka, anamuonyesha yule mzee vile amefunga kamba ya tanga, anaongea hanyamazi. Wallahi nililia njia nzima.

Sasa hajui kama nilimuona. Nikimuomba msamaha si atanipanda kichwani? Mamangu anasema mtoto haombwi msamaha, mimi sioni hivyo lakini sijui nianzie wapi. Na hiyo kazi nimkataze ama nimuache, maana mwakani ana mtihani wa gredi 9? Wenye vijana umri huu mlifanyaje? Babake bado sijamwambia.