Pancha haikurekodiwa

Kikundi: SISI KWA SISI

Mimi: Shikamooni wakubwa. Video ya safari hiyo hapo, sehemu ya kwanza. Semeni ukweli ila msiniue, ndiyo naanza.

Mama: Marahaba mwanangu. Nafungua.

Shangazi: Marahaba. Mbona inazunguka tu haifunguki?

Mimi: Vumilia shangazi, ni nzito. Dakika 11.

Dada: Kumi na moja?? 😂

Baba: Niko dakika ya nne. Bado ni dirisha.

Mama: Miti mizuri lakini.

Baba: Mizuri. Na shati la mistari la mrekodi linaelea juu ya miti hiyo mwanzo mpaka mwisho.

Mjomba: Hilo dawa yake nyepesi, mpwa wangu. Ukirekodi kupitia kioo, isogeze simu mpaka karibu iguse kioo. Shati halipati pa kujitazama. Halafu futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kuanza. Huo weupe unaouona asubuhi yote ni mafuta ya vidole.

Mimi: Mimi nilidhani ni ukungu wa mlimani 🙈

Dada: Pancha iko dakika ya ngapi? Ndiyo ninayoisubiri mimi.

Mimi: Dada...

Dada: Usiniambie.

Mimi: Simu ilijaa. Niliweka 4K, ule ubora wa juu wa picha, fremu 60 kwa sekunde, tangu tunatoka getini. Kwa simu yangu dakika moja inakula kama MB 400. Nilirekodi dirisha dakika 40, zikaenda GB 16. Tairi limepasuka, nabonyeza, naambiwa nafasi imekwisha.

Baba: Yaani nilivyolala kwenye vumbi pale, nimejipinda vizuri kabisa, nikijua naonekana shujaa.

Mama: Shujaa aliyesahau spana nyumbani 😂

Shangazi: Akasimamisha lori kwa kanga yangu!

Dada: Na hiyo hatuna. Tuna miti.

Mjomba: Weka 1080p, ubora wa chini ya 4K, fremu 30. Simu hiyohiyo itakula kama MB 60 kwa dakika. Humu kikundini video inabanwa njiani, kwa hiyo hata hiyo 4K yako sisi hatujaiona. Siku ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama faili. Na kila jioni mkifika, hamishia kazi ya siku kwenye kompyuta au diski kabla hujafuta chochote kwenye simu.

Mimi: Sawa mjomba. Na kipande kimoja kiwe kirefu kiasi gani?

Mjomba: Sekunde kumi. Hesabu kimoyomoyo, viwiko vimegusa mbavu, pumua taratibu. Usizungushe simu kama unamwagilia bustani.

Shangazi: Kichefuchefu nimekipata pale darajani, nimekaa kwenye kiti changu nyumbani.

Mjomba: Mwaka 1895 kule Ufaransa, Auguste Lumière na mkewe wamekaa mezani wanamlisha mtoto wao, ndugu yake Louis anarekodi. Mkanda ulikuwa kama mita 17 tu, haufiki dakika moja. Kamera imesimama palepale. Na yule mtoto watu wanamtazama mpaka leo.

Baba: Shemeji keshaanza.

Mjomba: Namaliza, shemeji. Wao mkanda uliwalazimisha wachague. Huyu hana wa kumlazimisha.

Dada: Kuna hili pia. Wanangu usiwaweke mtandaoni kabla hujaniuliza. Na tukiwa bado njiani usiweke chochote, hata kivuli chetu. Ni kama kutangaza kwamba nyumba haina mtu.

Mimi: Nimekuelewa. Humu tu.

Mama: Na dereva asishikishwe simu, wala asiulizwe "Baba tazama huku". Ulimwambia mara mbili, nilinyamaza tu.

Mimi: Samahani mama 🙏

Mama: Sasa pale darajani, Bibi anasema nini? Naona mdomo unakwenda, nasikia vuuuuu.

Mimi: Upepo. Dirisha lilikuwa wazi, na nadhani kidole kilikuwa kwenye tundu la maikrofoni.

Baba: Alikuwa anaeleza walivyovuka mto kabla daraja halijajengwa.

Shangazi: Kwa mtumbwi. Mimi nikiwa mgongoni.

Baba: Mgongoni nilikuwa mimi.

Shangazi: Wewe ulikuwa hujazaliwa!

Dada: Bibi si yumo humu? Aulizwe mwenyewe.

Bibi: 🎤 *Sauti, 0:09*

Mama: Kwa wasioweza kufungua: anasema ameshasema, mwenye masikio alisikia.

Mimi: Bibi yangu mpenzi, shikamoo. Simu ndiyo haikusikia. Nirudie mara moja tu, hapohapo ulipokaa.

Dada: Mwambie afunge mlango na redio izimwe.

Bibi: 🎤 *Sauti, 3:42*

Shangazi: Jamani.

Baba: Hiyo ya kasia kuvunjika katikati ya mto sikuwahi kuisikia.

Mama: Mimi nina miaka yote hii kwenye ukoo huu, leo ndiyo naisikia.

Shangazi: Na mgongoni nilikuwa nani? Rudieni 1:15.

Baba: Nimesikia. Tuendelee.

Mjomba: Mpwa, usiiache ipotee humu. Ihifadhi leo. Kisha chukua picha za daraja, zima sauti yake yote, hiyo vuuu ondoa, weka sauti ya Bibi chini yake. Programu yoyote ya kuhariri kwenye simu inafanya hivyo.

Mimi: Daraja nina sekunde 50 tu zisizotikisika.

Mjomba: Basi yale madirisha yako ya dakika 40 yamepata kazi. Kata vipande vya mto na miti, kila kimoja sekunde kumi, panga mpaka Bibi amalize.

Baba: Na safari ijayo mnapanda ndege, betri yako ya akiba usiiweke kwenye sanduku la kukabidhi. Inaingia nawe ndani.

Mjomba: Kweli. Kikomo cha kawaida ni Wh 100, yaani wati-saa, kipimo cha nishati ya betri. Hiyo yake ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, haina shida.

Shangazi: Ngojeni. Nimefika dakika ya tisa. Huyu aliyelala mdomo wazi ni nani?

Dada: 😂😂😂

Shangazi: Kijana, pafute hapo.

Mimi: Shangazi, simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye begi. Ndicho kipande pekee kilichotulia.

Shangazi: Futa.